Simoni Alikuwa Akitoka Shambani



Katika Njia ya Msalaba, kwenye kituo cha tano, Wakristo hupiga magoti mbele ya picha ya mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Si mtume, si askari, wala si mmoja wa wale waliopiga kelele mbele ya Pilato. Jina lake ni Simoni, mtu wa Kirene, mji wa Afrika uliokuwa katika nchi iitwayo leo Libya. Mwinjili Marko asema kwamba alikuwa baba wa Aleksanda na Rufo, na kwamba wakati ule alikuwa akitoka shambani.

Maneno hayo ni machache, lakini kila mwanakijiji anayafahamu. Mtu atokaye shambani ana safari yake. Anafikiri maji ya kunywa, anafikiri watoto wake, anafikiri kazi inayomngoja nyumbani. Ndipo askari wakamshika. Hawakumpa habari tangu jana. Hawakumwambia atalipwa nini. Hawakumwuliza kama mkewe ni mgonjwa au kama mgongo unamwuma. Walimwekea mti mabegani, wakamwamuru atembee. Askari wa Roma walizoea kufanya hivyo, kwani walikuwa na ruhusa ya kumkamata mtu njiani na kumbebesha mzigo.

Jambo lililompata Simoni huwapata wengi hata leo, ijapokuwa si kwa mkuki. Basi ni vema wakatekumeni wajue mapema namna ya kulipokea kama watu wa Kristo.

MFANO WA GHALA

Kamina ni mji wa reli. Njia zitokazo Lubumbashi, Ilebo na Kabalo hukutana hapo, na watu wengi wa vijiji vya jirani huja mjini kutafuta mshahara. Na tuseme mfano wa mmoja wao.

Mtu huyu ni mkatekumeni wa mwaka wa tatu. Kila siku alfajiri hupanda baiskeli yake na kwenda mjini, kwani ni mpakia mizigo katika ghala la mahindi. Siku ya Jumamosi kazi huisha saa sita mchana. Sasa Jumamosi moja, ile iliyotangulia Dominika ya kwanza ya Kwaresima, alipaswa kufika misioni saa tisa, ili Padri amwulize maswali ya mwisho. Waliojibu vema wangeandikwa katika kitabu cha wateule, nao wangebatizwa usiku wa Pasaka. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu, na mkewe alikwisha kumfulia shati jeupe.

Siku ya Ijumaa, saa kumi jioni, watu walipokuwa wakinawa mikono waende zao, kapita akaja na daftari yake. Akasema: «Kesho hakuna wa kuondoka saa sita. Imeletwa mizani mpya, na fundi wake yuko hapa kwa siku moja tu. Mtafundishwa tangu saa saba hadi saa kumi na mbili. Malipo hakuna, kwa sababu hayo ni mafundisho, si kazi. Asiyebaki, jina lake nitaliandika, na mkubwa ataliona.»

Mtu wa kwanza alipoyasikia hayo, akaenda kwa kapita na uso wa huzuni, akasema mama mkwe wake amefariki. Kumbe mama mkwe huyo yu hai, na asubuhi ile alikuwa akiuza mihogo sokoni.

Mtu wa pili akanyamaza. Siku ya pili yake akabaki, lakini moyo wake ulikuwa umejaa uchungu hata hakusikia neno moja la fundi. Jioni akarudi nyumbani, na uchungu ule aliokosa kumwambia mkubwa akaumimina juu ya mke na watoto, ambao hawakuwa na kosa.

Mtu wa tatu ndiye mkatekumeni. Aliwangoja wengine waondoke, akamwendea kapita, akavua kofia, akamwambia: «Mkubwa, mizani hii nami nataka kuijua. Lakini kesho saa tisa nimeitwa misioni, na siku hiyo imepangwa tangu Noeli. Naomba nifundishwe Jumatatu asubuhi na mwenzangu atakayekuwa ameelewa. Tena, Mkubwa, usikasirike nikiuliza: saa tano hizo, kwa nini zisihesabiwe, ikiwa hatuna ruhusa ya kwenda?»

Kapita akatazama chini. Akajibu: «Mwanangu, hata mimi nimeambiwa leo mchana. Nikikuruhusu wewe, kesho watakuwa kumi. Nami nina watoto.»

Mkatekumeni alipotoka nje, akamkuta mzee mmoja, mwenzake wa kazi, amekaa juu ya gunia. Mzee huyo hakujua kusoma. Akasema: «Mwanangu, mizani ya zamani niliijua kwa macho. Hii ina namba. Wewe ukienda, nani atanisomea? Nisipoijua watanifukuza.»

Usiku ule mkatekumeni hakulala vizuri. Palikuwa na daftari ya kapita ambamo jina lake lingeandikwa kwa hasara, na kitabu cha misioni ambamo jina lake lingeandikwa kwa furaha. Palikuwa pia na mzee juu ya gunia. Asubuhi akamtuma mdogo wake mbio kwa Padri, amweleze mambo yote bila kupunguza wala kuongeza. Padri akatuma jibu kwamba aje Dominika kabla jua halijachomoza, ataulizwa kabla ya Misa. Basi akabaki ghalani. Akaketi karibu na mzee, akamsomea kila namba, akamrudishia tena na tena, mpaka mzee akapima gunia mwenyewe.

JE, ALIFANYA VEMA?

Alifanya vema. Lakini wakatekumeni waangalie sana kwa nini. Hakufanya vema kwa sababu alimtii kapita. Angaliweza kwenda misioni bila dhambi, kwani alikuwa ameitwa kwanza, naye alikwisha kusema ukweli na kuomba ruhusa kwa heshima. Alifanya vema kwa sababu alibaki kwa upendo, kwa ajili ya jirani, akiwa ametafuta njia ya kutomnyima Mungu haki yake.

Bwana wetu, akifundisha mlimani, alisema kwamba mtu akilazimishwa kwenda maili moja, aende na ya pili. Wengine hulitumia neno hili vibaya. Husema: «Unaona? Mkristo hana budi kufanya kila anachoamriwa, na asiulize malipo.» Sivyo. Bwana alisema neno hilo kwa mtu mwenye kubeba mzigo, hakulisema kwa askari. Hakumwambia askari: «Waombe watu maili mbili.» Maili ya pili ni zawadi, na zawadi hutoka mkononi mwa mwenye nayo. Mtu akiidai kwa vitisho, ameigeuza kuwa unyang'anyi.

Hivyo ndivyo ilivyo habari ya Simoni. Mungu aliigeuza saa ile ya kulazimishwa kuwa neema kubwa kuliko zote, kwani Simoni alitembea karibu na Mkombozi kuliko mitume waliokimbia. Marko anawataja wanawe kwa majina, kama watu wanaojulikana na wasomaji wake. Lakini Kanisa halikuwasifu kamwe askari waliomkamata. Mungu aweza kutoa mema katika dhuluma, wala dhuluma haiachi kuwa dhuluma.

MAFUNDISHO YA KANISA JUU YA MSHAHARA

Kila mkatekumeni hujifunza dhambi nne zinazolilia kisasi mbinguni. Ya nne ni kumnyima mfanyakazi mshahara wake. Torati ya Musa iliamuru kwamba maskini aliyefanya kazi alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa roho yake inautegemea ujira huo. Naye Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliouzuia unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mkubwa hausikii ujira ukilia. Mungu anausikia.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia Wakristo wa dunia nzima barua juu ya hali ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Humo alifundisha kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa hofu ya kupata mabaya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu, hata kama alisema «ndiyo». Neno hili ni zito. Mtu anayesema «ndiyo» huku akitazama daftari ya majina, ndiyo yake si kamili. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, ili watu wote wajue kwamba mikono yenye sugu ina heshima mbele ya Mungu. Na mwaka 1981 Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens, alikumbusha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi.

Sheria ya nchi nayo si kimya. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeweka mpaka wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Saa zinazopita mpaka huo zina malipo yaliyoongezwa. Basi wengine watasema: «Lakini kujifunza si kazi.» Jibu ni rahisi. Mtu aliye huru kwenda nyumbani, akibaki kwa hiari yake ajifunze, huyo anajipatia elimu. Mtu asiyeruhusiwa kuondoka, huyo bado yuko kazini, hata kama ameketi juu ya benchi anamsikiliza fundi.

Wazee wa nchi hii wanayajua mambo ya kazi ya lazima. Wakati wa utawala wa Wabeljiji, wanakijiji walilazimishwa kulima siku hadi 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo zikaongezwa hadi 120. Baadaye, wakati wa Mobutu, ikaja salongo. Kufagia njia ya kijiji kwa pamoja ni jambo jema. Lakini jambo jema likiamriwa kwa vitisho na kwa ghafula, watu hujifunza kulichukia, nao hulikimbia hata siku ambayo lina faida kwao.

MASWALI MATATU YA MTU ANAYEITWA

Mkatekumeni akiambiwa leo abaki kesho bila malipo, asikasirike upesi, wala asikubali upesi. Ajiulize mambo matatu.

Kwanza: Faida ni ya nani? Ikiwa elimu ile itabaki mikononi mwake na kumsaidia maisha yake yote, basi yafaa aitoe saa yake kama mkulima atoavyo mbegu. Bwana alimlaumu mtumishi aliyeificha talanta yake ardhini. Lakini ikiwa faida yote ni ya mwenye ghala, haki yataka mwenye ghala ailipe.

Pili: Nani atakayenyang'anywa saa hizo? Mtu hana saa zisizo na mwenyewe. Za Dominika ni za Mungu. Za jioni ni za mke na watoto. Nyingine ni za mgonjwa anayengoja kuletewa maji. Anayesema «ndiyo» kwa mkubwa, huenda anasema «hapana» kwa mtu mwingine asiyekuwapo pale kujitetea.

Tatu: Je, naweza kusema ukweli? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Aende kwa heshima, aeleze shida yake, aombe siku nyingine, aulize habari ya malipo. Asimwue mama mkwe wake kwa maneno. Uwongo huvunja Amri ya nane, tena humharibia mwenzake wa kesho, yule atakayefiwa kweli na asisadikiwe. Na kama mmoja anaogopa kusema, waende watatu pamoja. Kudai haki kwa upole si uasi.

Baada ya hayo, akiamua kubaki, abaki kwa moyo mzima. Akiamua kwenda, aende kwa dhamiri safi. Mtu wa pili katika mfano wetu alipoteza vyote: hakudai haki yake, hakutoa zawadi, wala hakuijua mizani.

MWENYE HERI ISIDORI BAKANJA

Nchi ya Kongo ina mwalimu wake katika mambo haya. Isidori Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alikuwa msaidizi wa waashi, kisha mtumishi wa nyumba katika shamba la kampuni huko Ikili, mbali kuelekea upande wa Ekweta. Saa za kazi zilipokwisha, Bakanja aliwafundisha wenzake sala. Hakuna aliyemwamuru, hakuna aliyemlipa. Hizo zilikuwa saa zake, naye alimpa Mungu na jirani kwa hiari.

Msimamizi wa shamba alichukizwa na jambo hilo. Alitaka hata saa za jioni na moyo wa mtumishi wake viwe chini ya amri yake. Alimwamuru aivue skapulari ya Bikira Maria, naye Bakanja hakukubali. Akapigwa viboko vikali hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliumwa miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri.

Bakanja alifanya kazi yake ya mchana kwa uaminifu. Aliposamehe, hakusema kwamba kiboko kilikuwa haki. Alisamehe dhambi, hakuiita wema.

NENO KWA WENYE KUAGIZA

Labda mkatekumeni wa kijijini atasema: «Mimi sina kapita, wala sina ghala. Maneno haya si yangu.» Angoje kidogo. Kila mtu ni kapita wa mtu mwingine. Mume aingiapo nyumbani jua likizama na kumwambia mkewe: «Nina wageni wanne, pika bukari sasa hivi,» huku mke ametoka shambani kama Simoni, mume huyo ni nani? Baba anayemwita mtoto atokapo shule, akamfinyangisha matofali mpaka giza, halafu akamkemea kwa kutojua somo lake, ni nani? Mtu anayewaita vijana wamjengee nyumba, na kazi ikiisha asiwape hata chakula, ni nani? Desturi ya wazee ilikuwa bora, kwani aliyewaita watu kulima aliwapikia na kuwashukuru.

Hata katika nyumba ya Mungu jambo hili laweza kuingia. Kiongozi wa Wakristo anayetangaza leo kwamba kesho wote waje kufyatua matofali ya kanisa, na asiyekuja ataulizwa, ajitazame vizuri. Nyumba ya Bwana hujengwa kwa zawadi.

Basi anayeagiza atoe habari mapema, kwani muda wa jirani si mali yake. Aeleze sababu. Aseme malipo kabla ya kazi, kama mwenye shamba la mizabibu katika Injili, aliyepatana na vibarua dinari moja kabla ya kuwapeleka shambani. Na kama hana cha kulipa, aombe, asiamuru. Akijibiwa «siwezi», asiandike jina la mtu.

MWISHO WA MFANO

Dominika ile, kabla ya jua kuchomoza, mkatekumeni alifika misioni na shati lake jeupe. Padri akamwuliza habari za Utatu, za Sakramenti, za Amri, naye akajibu. Kisha akamwuliza: «Zitaje dhambi zinazolilia kisasi mbinguni.» Akataja tatu. Alipofika kwenye ya nne akanyamaza kidogo, halafu akaitaja kwa sauti ndogo. Padri, aliyekwisha kuzipata habari za ghala, akamwambia: «Hiyo leo umeijibu kwa mwili wako. Sasa kadai haki yako bila chuki.» Jina lake likaandikwa.

Jumatatu wakaenda watatu kwa mkubwa: mkatekumeni, mzee, na mtu wa pili aliyekuwa amenyamaza. Kapita akawafuata, akasimama nyuma yao, nalo halikuwa jambo dogo. Wakaomba saa tano zile zihesabiwe, na siku nyingine wapewe habari mapema. Mkubwa akasema ataangalia. Mfano hausemi kama alilipa. Wengi wa wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi neno «nitaangalia» linavyoweza kukaa muda mrefu. Lakini deni lile limekwisha kutajwa mbele ya mdaiwa, naye hawezi tena kusema hakulijua. Na mbele ya Mungu limeandikwa.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

Swali: Simoni wa Kirene alifanya nini?
Jibu: Alilazimishwa na askari kuubeba msalaba wa Bwana, akitoka shambani.

Swali: Je, askari walifanya haki?
Jibu: Hapana. Mungu alitoa mema katika tendo lao, lakini tendo lao halikuwa haki.

Swali: Maili ya pili ni nini?
Jibu: Ni zawadi ya mtu mwenye kupenda. Hakuna awezaye kuidai.

Swali: Je, Mkristo aweza kudai ujira wa saa zake?
Jibu: Aweza, kwa ukweli, kwa heshima, na bila chuki.

Swali: Mkristo anayewaagiza wengine ana wajibu gani?
Jibu: Atoe habari mapema, alipe ujira, na aheshimu saa za Mungu na za jamaa.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja aliyemfanyia kazi bila kumpa malipo wala asante, awe mke, mtoto au jirani. Kabla ya Dominika amlipe anachoweza, au amshukuru.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi pamoja na Yosefu huko Nazareti, uwatazame wote wanaorudi nyumbani usiku wakiwa wamechoka. Uwape wanaoagiza moyo wa haki, uwape wanaoagizwa moyo usio na uwongo wala chuki. Na saa tulizonyang'anywa, uzipokee kama ulivyoupokea msaada wa Simoni. Amina.